Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Taharuki ya Kisayansi Kuhusu Majaribio kwa Binadamu

Nimesoma miswada mingi ya aina hii, na karibu yote huanguka mahali pamoja. Kuna maabara chini ya ardhi. Kuna daktari mwenye macho makali. Kuna watu waliofungwa vitandani, na kuna mlango wa chuma. Kurasa thelathini za mwanzo zinakwenda mbio, kisha hadithi inapoa. Mwandishi anaongeza damu, hadithi inazidi kupoa. Baadaye ananiuliza: nimekosea wapi?

Kosa ni lile lile. Hofu ameiweka kwenye sindano, wakati hofu ya hadithi za namna hii inakaa kwenye neno "ndiyo": nani alilitamka, aliambiwa nini kabla ya kulitamka, na nani mwingine alikuwa akijua asichokijua yeye. Mwongozo huu umejengwa juu ya neno hilo. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiiruka ya kwanza, zinazofuata hazitashika.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Daftari mbili. Moja la hadithi, jingine la jaribio lenyewe. Katika la pili utaandika kama mtafiti: nani kapewa nini, lini, kipimo gani, nani kajitoa.
- Kalenda tupu ya miezi sita. Utaihitaji hatua ya 6.
- Fomu ya ridhaa halisi. Shirika la Afya Duniani limeweka violezo vyake kwenye intaneti bila malipo. Chapisha kimoja, ukisome kwa sauti.
- Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947. Ziko kumi tu. Zilitoka kwenye hukumu ya madaktari wa Ujerumani ya Kinazi, na ya kwanza inasema ridhaa ya hiari ya mtu ni ya lazima kabisa.
- Kesi moja ya kweli, uisome mpaka mwisho. Moja iliyosomwa vizuri inakufaa kuliko kumi ulizozipitia juujuu.
- Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi wodini au kwenye utafiti, anayekubali kujibu maswali yako.

Huhitaji shahada ya sayansi.

## Hatua ya 1: Andika dhuluma yako kwa sentensi moja

Kabla ya jina la mhusika na kabla ya jengo lolote, jaza sentensi hii: *Fulani alikubali hiki, hakuambiwa kile, na aliyejua ni huyu.*

Nitatumia hadithi moja ya mfano mpaka mwisho. Hii hapa: "Mshiriki namba 14 alikubali kujaribiwa dawa ya kufuta kumbukumbu ya tukio baya, hakuambiwa kwamba ameshaijaribu mara sita, na aliyejua ni mtafiti mkuu."

Tazama sentensi hiyo inavyobeba kitabu. Dawa inafuta kumbukumbu, kwa hiyo inafuta pia kumbukumbu ya kuikubali. Kila mara mtu huyu anaingia kama mgeni, anasomewa fomu, anauliza maswali yake yale yale, anatia saini kwa mkono wake. Hakuna aliyemlazimisha. Mlango uko wazi.

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba dhuluma hizi ziko za namna nyingi, na kila namna inazaa hadithi yake. Kuna kudanganywa: huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, huku wakiambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida miaka ya 1940, hawakupewa. Kuna kutoulizwa kabisa: Guatemala, 1946 hadi 1948, watafiti wa Marekani waliwaambukiza wafungwa, askari na wagonjwa wa akili magonjwa ya zinaa kwa makusudi.

Halafu kuna kuulizwa ukiwa huna pa kukataa, ambayo kwangu ndiyo yenye utajiri mkubwa kwa mwandishi. Katika taasisi ya Willowbrook, New York, iliyolea watoto wenye ulemavu wa akili, ulifika wakati nafasi zikajaa. Wazazi wakaarifiwa kwamba wodi ya utafiti wa homa ya ini bado ina nafasi. Wakatia saini. Je, walikubali? Ukikaa na swali hilo jioni nzima utapata riwaya.

Tahadhari. Chagua namna moja. Sentensi yako ikiwa na "na pia" mbili, una vitabu viwili vinavyogombania kiti kimoja.

Utajuaje umefaulu. Msomee mtu sentensi yako, kisha nyamaza. Akisema "inatisha" na kuendelea na shughuli zake, bado. Akiuliza "sasa ikawaje?", nenda hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Ruhusu uongo mmoja tu wa kisayansi

Riwaya ya kisayansi ina haki ya kubuni. Lakini ukibuni dawa, na mashine ya kusoma mawazo, na roboti muuguzi, msomaji ataacha kukuamini kabla hajaanza kuogopa. Buni kitu kimoja, vingine vyote viache kama vilivyo duniani.

Katika mfano wetu uongo ni huu: dawa inafuta kumbukumbu iliyochaguliwa, pamoja na siku za kuja kliniki. Sasa uzungushie ukweli. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya zamani ikiamshwa hulegea kwa muda, na ikizuiwa kujiimarisha upya wakati huo, hudhoofika. Midazolamu, dawa ya kutuliza inayotumika sana kabla ya upasuaji, humfanya mgonjwa asikumbuke yaliyofuata baada ya kupewa, hata kama alikuwa macho akijibu maswali. Mambo hayo mawili ya kweli ukiyataja kwa aya moja kila moja, uongo wako utasimama katikati yake kama jirani yao.

Jua pia ngazi za jaribio la dawa, maana mswada ukikosea hapa msomaji wa afya ataufunga. Awamu ya kwanza huwa na watu 20 hadi 100 hivi, mara nyingi wazima, na lengo ni usalama na kipimo. Awamu ya pili huweza kufikia mamia kadhaa, wenye ugonjwa wenyewe. Ya tatu huanzia mamia na kwenda maelfu. Kila awamu inapita kamati ya maadili. Hadithi yako inaweza kukaa ndani ya awamu moja tu, na nakushauri iwe ya kwanza, kwa sababu watu ni wachache na kila mmoja anaweza kuwa mhusika.

Hapa kuna tukio la kweli ambalo kila mwandishi wa aina hii alijue. Tarehe 13 Machi 2006, kwenye kitengo cha utafiti katika hospitali ya Northwick Park, London, wanaume wanane wenye afya walijitolea kujaribu dawa iliyoitwa TGN1412. Sita walipewa dawa, wawili plasibo, yaani dawa bandia isiyo na nguvu yoyote. Kipimo kilikuwa kidogo mara 500 kuliko kile kilichoonekana salama kwa wanyama. Walipewa mmoja baada ya mwingine, kwa tofauti ya dakika kumi hivi. Baada ya saa moja hivi wakaanza: kichwa, mgongo, homa, kutapika. Wote sita waliishia chumba cha wagonjwa mahututi. Walinusurika, mmoja akiwa amepoteza vidole.

Rudia kusoma kuhusu zile dakika kumi. Wa kwanza alipoanza kuzidiwa, karibu wenzake wote walikuwa wameshapewa. Hakuna muuaji katika tukio hilo, wala hakuna maabara ya siri. Kuna ratiba. Mwandishi akielewa kwamba ratiba peke yake inaweza kuua, ameshapita robo ya safari.

## Hatua ya 3: Mpe mtafiti hoja usiyoweza kuijibu papo hapo

Mtafiti mwovu kwa sababu ni mwovu anachosha. Msomaji akishamchukia ukurasa wa tano, huna cha kumfanyia ukurasa wa mia.

Kaa chini uandike barua ya ukurasa mmoja kwa sauti ya mtafiti, akijieleza kwa mtu anayempenda. Usimwekee kebehi. Wetu angeandika hivi:

*"Kuna mama alikuja kwangu ambaye kila usiku anasikia mwanawe akiita kutoka kwenye moto. Miaka kumi na moja. Dawa hii imempa usingizi. Namba 14 hana madhara yoyote tuliyoyaona kwenye vipimo. Nikimwambia ameshafanya mara sita, takwimu zote zinaharibika, tunarudi mwanzo, na akina mama kama yule wanasubiri miaka mingine minane. Mtu mmoja asiyeumia. Niambie wewe ungefanya nini."*

Barua hiyo haitaingia kitabuni. Ni ya kwako. Lakini kila neno atakalosema mtafiti litatoka humo, na msomaji atajikuta anatikisa kichwa kukubaliana naye kabla hajashtuka.

Mzungushie watu wa kawaida pia. Mwaka 1961, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale aliwaweka watu mbele ya mashine na kuwaambia wampige mtu shoti ya umeme kila anapokosea jibu. Shoti zilikuwa za uongo, wao hawakujua. Katika jaribio lake linalojulikana zaidi, 26 kati ya 40 walifika mwisho wa mashine, volti 450. Aliyewasimamia hakupiga kelele. Alisema mambo kama "jaribio linahitaji uendelee".

Sentensi za hivyo ndizo unazozitafuta kwa wahusika wako wadogo: fundi wa maabara, karani, dereva wa gari la washiriki. Andika sentensi moja ya kila mmoja, ile anayojiambia ili apate usingizi. "Mimi natunza mafaili tu." "Kamati imepitisha." "Analipwa."

Tahadhari. Kumpa mtafiti hoja si kumpa haki. Ukimaliza barua na ukajikuta umeshawishika, iweke siku tatu, kisha mwandikie jibu kwa sauti ya mshiriki. Ukishindwa kulijibu, hujamjua mshiriki wako bado. Hatua inayofuata itakusaidia.

## Hatua ya 4: Eleza kilichomleta mshiriki mlangoni

Waandishi wengi huanza na mshiriki akiwa tayari kitandani. Hapo ameshakuwa mwili. Mwanzie nyumbani.

Watu huingia kwenye majaribio kwa sababu zinazoeleweka: wanaumwa na hakuna kingine kilichobaki, wanahitaji malipo, wanamwamini daktari wao, au wanataka kuwafaa wengine. Sababu ya mwisho husahaulika, na ndiyo inayouma zaidi inaposalitiwa. Kuna pia mkanganyiko ambao watafiti wenyewe wanaujua vizuri: mshiriki huamini kila anachofanyiwa ni tiba yake, hata baada ya kusomewa kuwa ni utafiti. Anaona koti jeupe, anasema moyoni: nimefika kwa daktari.

Namba 14 wetu anataka kusahau ajali aliyoisababisha yeye mwenyewe. Mpe jina, tumwite Idrisa. Tangu sasa weka kanuni hii na usiivunje: wafanyakazi wa kliniki wanasema "Kumi na Nne", wewe msimulizi unasema "Idrisa". Siku muuguzi atakapomwita Idrisa kwa mara ya kwanza, msomaji atajua kuna kitu kimekatika ndani ya muuguzi huyo, na hutahitaji kueleza.

Sasa dokezo. Katika taharuki, msomaji lazima ahisi kabla ya kujua. Nimelitafuta dokezo la hadithi hii kwa muda, na bora kuliko yote ni dogo sana: siku ya "kwanza" kliniki, Idrisa anaomba kwenda msalani, anainuka, anakata kulia, anapita milango miwili, anaingia. Hakuna aliyemwelekeza. Karani anainua macho, kisha anayarudisha kwenye karatasi zake.

Acha hapo. Usitie neno "cha ajabu ni kwamba".

## Hatua ya 5: Andika fomu ya ridhaa, yote, neno kwa neno

Hii ndiyo hatua ambayo kila mtu anairuka, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Usiseme "alitia saini fomu". Iandike fomu yenyewe, kurasa mbili au tatu, kwenye daftari la jaribio. Kitabuni utachukua vipande, lakini lazima iwepo nzima.

Sababu ni hii: fomu ni mahali ambapo uongo na ukweli vinakaa kwenye karatasi moja kihalali. Watu wa Tuskegee walipelekewa barua ikiwaalika kwa "nafasi ya mwisho ya tiba maalumu ya bure". Kilichowasubiri kilikuwa kuchomwa sindano ya uti wa mgongo ili kuchukua maji ya uchunguzi. Barua hiyo haikuwa na neno lolote la kutisha. Ilikuwa na adabu.

Fomu ya Idrisa ingekuwa na vipengele hivi:

*4. Huenda usikumbuke baadhi ya ziara zako kliniki. Hili ni tokeo linalotarajiwa na halina madhara kwa afya yako.*

*7. Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.*

*9. Ukikamilisha mzunguko, unaweza kualikwa kushiriki tena iwapo utakidhi vigezo.*

Soma cha 4, kisha cha 9, kisha cha 7. Kila kimoja ni kweli. Kwa pamoja vinafunga mlango: anaweza kujitoa wakati wowote, ila hawezi kukumbuka kuna kitu cha kujitoa. Msomaji akivisoma mapema kitabuni vitampita kama upepo. Akivisoma tena ukurasa wa 200, mwili utamsisimka.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Andika vipengele kumi hadi kumi na tano, vyote kwa lugha ya heshima.
2. Ficha mtego kwenye vipengele viwili au vitatu vilivyo mbalimbali. Usiuweke kwenye kimoja, utaonekana.
3. Tumia "huenda", "inaweza", "iwapo". Maneno haya matatu yamebeba mizigo mizito katika historia ya utafiti.
4. Weka swali moja ambalo mshiriki analiuliza, na jibu analopewa. Idrisa anauliza: "Nikisahau nilikubali, nani atanikumbusha?" Muuguzi anacheka kwa upole, anasema: "Sisi tupo." Jibu hilo utalirudia baadaye.

Kisha njoo kwenye tukio kuu. Muuguzi, tumwite Zuhura, anatumwa stoo kutafuta faili. Anakuta bahasha ya namba 14 imenenepa. Anazitoa fomu, anazipanga sakafuni. Ziko saba. Zote zina saini ya Idrisa. Ya kwanza ina mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho, mkia wa mtu anayejiamini. Ya tatu mkia umefupika. Ya tano mkono umetetemeka kwenye I. Ya saba, ya jana, wino umekwaruza karatasi kana kwamba kalamu ilikuwa nzito. Na pembeni ya kila moja, kwa mwandiko wa Zuhura mwenyewe kwenye mbili za mwisho, kuna maneno: *Mshiriki ameuliza swali moja. Amejibiwa. Ameridhika.*

Hakuna damu katika tukio hilo. Lijaribu kwa wasomaji wako.

Utajuaje umefaulu. Mtu akisoma fomu yako bila kujua hadithi, haoni kosa. Akiisoma baada ya hadithi, hawezi kuimaliza.

## Hatua ya 6: Funga saa

Sasa toa kalenda. Jaribio lenyewe lina saa ndani yake, huna haja ya bomu. Weka siku za dozi, siku za vipimo, siku za simu za ufuatiliaji, siku kamati ya usalama inakutana kupitia takwimu, siku ripoti inakwenda kwa mfadhili.

Baada ya tukio la London, wasimamizi walisisitiza kwamba dawa mpya ianze kwa mtu mmoja, watu wasubiri, ndipo wengine wafuate. Kusubiri huko ni zawadi kwa mwandishi. Majaribio pia huwekewa kanuni za kusimama: madhara fulani yakitokea kwa idadi fulani ya watu, dawa inasitishwa. Mtafiti wetu anajua kanuni inasema washiriki watatu, na walioathirika mpaka sasa ni wawili. Atafanya nini akimwona wa tatu anaanza kusahau jina la mtoto wake?

Kwa Idrisa: dozi ya nane ni Alhamisi. Zuhura amefungua bahasha Jumatatu. Kamati inakutana Ijumaa. Hizo siku nne ni theluthi ya mwisho ya kitabu.

## Hatua ya 7: Karatasi zizungumze Kiswahili chao

Riwaya za namna hii hupendeza zikichanganya masimulizi na nyaraka: barua pepe, dondoo za mikutano, fomu za vipimo. Kiswahili kinakupa hapa silaha ambayo wengi hawaitumii.

Angalia: *Wameharibu sampuli. Sampuli zimeharibiwa. Sampuli zimeharibika.* Ya kwanza ina watu. Ya pili ina kitendo, watu wamejificha. Ya tatu haina hata kitendo, mambo yamejitokea tu, kama mvua. Taasisi inayoficha jambo huandika kwa namna ya tatu: faili limepotea, dozi imezidi, mshiriki amechanganyikiwa.

Zipange nyaraka zako hivyo kwa makusudi. Za mwanzo wa jaribio ziandikwe na watu: "Nimempa namba 14 dozi ya kwanza saa 3:10." Kadiri mambo yanavyoharibika, watenda watoweke kwenye sentensi. Msomaji anaweza asijue kwa nini anapata baridi, ila ataipata. Na Zuhura anapoandika taarifa yake kwa kamati, arudishe watu wote mahali pao: *nilimjibu, tulimficha, aliagiza.*

Usifanye kufichua siri kuwe kwepesi. Peter Buxtun, aliyekuwa mfanyakazi wa idara ya afya ya umma ya Marekani, alipinga utafiti wa Tuskegee kwa maandishi mwaka 1966. Alisikilizwa, akajibiwa, na utafiti ukaendelea. Habari ilitoka magazetini Julai 1972 baada ya yeye kuipeleka kwa waandishi. Miaka sita. Upinzani mkubwa atakaoupata Zuhura si wa mtu mwenye bastola. Ni wa mtu anayemkaribisha kiti, anamshukuru kwa kulileta jambo hilo, na kumwahidi litashughulikiwa.

## Hatua ya 8: Andika maumivu kwa kipimo

Watu walioumizwa namna hii wapo kweli, na ndugu zao wapo. Hilo linanigusa kila ninapohariri kurasa za aina hii, na ninaomba likuguse na wewe. Ukiandika mateso ili msomaji afurahie kutetemeka, umemtumia mshiriki wako mara ya pili.

Kipimo ninachotumia: maumivu yaonekane kupitia kitu anachoshindwa kukifanya. Badala ya "kichwa kilimpasuka kwa maumivu, akapiga ukelele wa kutisha", andika: "Alishika kijiko. Alikitazama. Akakirudisha mezani kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine."

Usiige kisa cha kweli kikiwa kizima huku umebadilisha majina tu. Chukua utaratibu wake, acha watu wake wapumzike. Na usimfanye mshiriki kuwa mjinga ili jaribio liwezekane. Idrisa aliuliza swali sahihi. Waliomjibu ndio wenye kosa.

## Hatua ya 9: Amua nani anabaki na takwimu

Mwisho wa kulipua maabara ni mwepesi mno, maana moto unamwondolea kila mtu swali. Swali lenyewe ni hili: matokeo yaliyopatikana kwa dhuluma, yakiwa ya kweli na yanaponya, yatumike?

Si swali la kubuni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliwakinga na mashtaka viongozi wa Kikosi 731 cha Japani, kilichoua watu kwa majaribio nchini China, ili ipate takwimu zao. Na madaktari wamebishana kwa miongo mingi kama inafaa kunukuu matokeo ya majaribio ya baridi kali waliyofanyiwa wafungwa wa Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi.

Kwa hiyo, dawa ya Idrisa inafanya kazi. Yule mama wa moto analala. Weka mezani bahasha yenye fomu saba, kompyuta yenye matokeo, na watu watatu: mtafiti, Zuhura, Idrisa. Mwandishi lazima aamue nani anaondoka na nini. Mimi ningempa Idrisa uamuzi, kisha ningemfanya auandike kwenye karatasi na kuitia mfukoni, kwa sababu hana uhakika kesho ataukumbuka.

Tahadhari. Usimwache mhusika atoe hotuba ya maadili kwenye sura ya mwisho. Umeshajenga fomu, umeshajenga saini. Hotuba itavibomoa.

## Hatua ya 10: Kabla hujamtumia mtu mswada

Iache rasimu wiki mbili. Ukirudi, chukua daftari la jaribio na uhakiki kila tarehe, kila dozi, kila namba. Kosa moja la hesabu linatosha kumtoa msomaji makini nje ya kitabu.

Mpe yule mtu wa wodini sura za kliniki peke yake, na umwombe apigie mstari kila mahali atakaposema "hatufanyi hivi". Rekebisha, isipokuwa ule uongo wako mmoja.

Kisha tafuta mtu ambaye hajui lolote kuhusu kitabu. Usimpe mswada. Mpe fomu ya ridhaa peke yake, na kalamu. Mwache aisome kwa utulivu, umjibu maswali yake kwa adabu kama Zuhura alivyojibu. Akiifikia chini, akaitazama kidogo, akatia saini, mswada wako uko tayari kutoka.